Mlango Uliotazama Barabara

Sauti ya mwanamke anayeelekeza njia hutoka ndani ya simu za waendesha bodaboda, hapa Katoro, nayo imenikera tangu siku ya kwanza nilipoisikia. Ni sauti laini isiyo na umri. Husema geuka kushoto, hunyamaza, kisha husema geuka kulia. Siku hiyo nilikuwa nimepakiwa mshikaki, kijana wa pikipiki mbele, mjukuu wangu Rahel nyuma, nami katikati kama mzigo wa michembe, viazi vilivyokaushwa, tunakwenda kwa daktari wa macho. Kwa kuwa macho yangu hayatambui tena ila mwanga na kivuli, niliuliza: kushoto kwa nani? Kijana akacheka. "Bibi, we tulia tu," akasema. "Simu inajua." Sikutulia. Nilikasirika, nikambana kijana kiunoni, na Rahel akadhani ninaogopa mwendo.

Ninyi mtakaosoma haya mjue kwamba ninasema tu. Anayeandika ni Rahel. Mimi sikufundishwa kushika kalamu, na sababu ya kutofundishwa ndiyo habari yenyewe. Nimemwonya asilainishe neno langu hata moja.

Rahel anasoma lugha chuo kikuu. Tuliporudi nyumbani siku ile alitaka kunipoza, akanisimulia habari za watu wa Sierra Leone, nchi ya mbali upande wa machweo, ambako nako watu hufukua ardhi wakitafuta almasi na dhahabu. Wana lugha iitwayo Krio. Katika lugha hiyo, alisema, neno dogo "na" hubeba karibu kila mahali: nyumbani ni "na os", sokoni ni "na makit", mezani ni "na" ileile, anayetaka kusema ndani hasa, au juu, au nyuma, huongeza neno jingine. Tena wana neno "de", la kusema kwamba mtu yupo mahali fulani, ambalo halitumiki kumwambia mtu kuwa yeye ni nani. Nikamwambia arudie hilo la mwisho. Akarudia. Nikasema watu hao wana akili kutenga mambo hayo mawili, kwa maana nilimjua mtu aliyeachiwa kuwa nani, akanyang'anywa kuwa wapi. Huyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Ugonjwa wa vikope ulikwisha kumla macho kabla sijazaliwa. Hata hivyo, katika mji wetu wa zamani, usio mbali na mahali ambapo leo panaitwa machimbo ya Mwakitolyo, mgeni angeweza kukaa kutwa nzima asijue kwamba mwenye nyumba haoni. Nyumba zetu zilikuwa za msonge, na mlango wa nyumba ya Bibi ulitazama machweo sawasawa. Upande wa kiya, yaani mawio ya jua, palikuwa na zizi. Upande wa sukuma, yaani kaskazini, vihenge vya mtama. Upande wa dakama, yaani kusini, njia ya lambo. Na ng'weli, upande wa machweo, jiko na jiwe la kusagia. Kwa ajili yake, sisi sote tulizungumza kwa pande hizo nne, si za mji tu, bali hata za vitu vidogo. Bibi angesema nimletee kibuyu kilicho dakama ya mguu wangu. Mama angenitafuta chawa na kuniambia nisitikisike, kuna mmoja amekimbilia kiya ya kichwa. Nikigeuka, chawa yuleyule alikuwa amehamia sukuma bila kutembea. Tulicheka sana kwa jambo hilo. Bibi alipenda kusema kwamba mtu asiyejua jua linachomozea wapi, hata uji atautia puani.

Kisha ikaja amri ya watu wote kuhamia katika kijiji cha pamoja. Sitaki kubishana na yeyote kuhusu nia ya amri ile. Wapo waliopata zahanati, wapo waliopata maji. Mimi ninasimulia kilichotufika. Nyumba zilipangwa mistari miwili, na kiongozi aliyekuja kupima kwa kamba alisema milango yote itazame barabara. Barabara ile haikwenda kiya wala dakama. Ilikatiza katikati ya hizo mbili kama ng'ombe aliyekata kamba, hivyo mlango wetu ukatazama upande usio na jina. Baba alimwomba kiongozi atuachie tugeuze nyumba moja tu, ya mama yake. Kiongozi akamwuliza kama kijiji kizima kipinde kwa ajili ya mwanamke mmoja. Baba akanyamaza. Katika maisha yake baba alinyamaza mahali pengi, na hapo palikuwa pa kwanza mimi kupaona.

Siku ya pili Bibi alitoka kwenda haja, akaingia katika nyumba ya Mama Shija, jirani yetu muuza pombe ya mtama, akachuchumaa katikati ya wanywaji. Walicheka mpaka wakamwaga pombe. Hakutoka tena peke yake. Aliketi juu ya ngozi, ndani, akiwa ameshika ukuta, na kila baada ya muda aliuliza kwa sauti ya chini: "Kiya iko wapi?" Tulimwonyesha kwa kumgeuza mabega. Dakika chache baadaye aliuliza tena.

Ndipo nilipopewa kazi. Sikuulizwa. Mkono wa Bibi uliwekwa juu ya bega langu, nami nikawa macho yake kisimani, shambani, chooni na misibani. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, na bega langu lilifika sawasawa na kiganja chake, kana kwamba nilipimwa kwa kazi hiyo.

Sasa, shule ilikuwa imejengwa mwisho wa mstari wa pili wa nyumba, na mwalimu alipita akiwaandikisha watoto. Hakuuliza miaka, kwa kuwa wengi hawakuijua. Alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, aliyefika aliandikwa. Nilifika. Nililishika sikio langu kwa nguvu hata likaniuma, nisije nikadhaniwa nimeligusa tu. Mwalimu alimtazama baba, na baba akamtazama Bibi aliyesimama nyuma yangu, mkono wake begani pangu. Baba akasema mwaka huu hapana. Mwalimu akasema atarudi mwanzo wa mwaka ujao, na baada ya hapo sikio halitakuwa kipimo tena, maana nitakuwa mkubwa mno kuanza na watoto wadogo.

Nililia siku tatu. Siku ya nne baba aliniita akanipa ahadi, naye hakuwa mtu wa kutoa ahadi ovyo. "Minza," alisema, "siku bibi yako atakapokwenda kisimani na kurudi bila mkono wa mtu, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa mwalimu."

Ninyi mliosoma, mlifundishwa na walimu. Mimi sikupata mwalimu, lakini nilikuwa mwalimu kiangazi kizima, na ninadai kwamba nilikuwa hodari. Nilikuwa nimegundua kwamba pande nne hazitoshi tena mahali ambapo mlango umetazama kombo, kwa hiyo nilimjengea Bibi njia ya vitu. Nilimwambia: ukitoka mlangoni, upepo wa asubuhi utakupiga shavuni karibu na sikio, uweke hapo usiuache. Tembea mpaka ardhi iteremke kidogo chini ya nyayo. Hapo utanusa machicha ya pombe ya Mama Shija. Ukiyanusa, pinda mpaka upepo uje usoni kabisa. Utasikia minyaa ya ua wa balozi wa nyumba kumi ikisuguana. Iache itembee kando yako mpaka ikome kusuguana. Kisha mchanga. Kisha magogo ya kisima, na baada ya magogo usiongeze hata hatua moja. Jioni hakuna upepo huo, nikamfundisha tena njia yote kwa joto la jua. Nilimfungia kitambaa machoni mdogo wangu nikamjaribu katika njia hiyo, akafika, akaloa mpaka kiunoni kwa furaha. Mimi mwenyewe nilijifunga kitambaa nikaenda na kurudi, na Mama Shija akaniuliza kama tumeanzisha ukoo wa vipofu.

Bibi alikuwa akijifunza, ninakula kiapo. Kiganja kilikuwa chepesi begani pangu siku hadi siku. Lakini kila nilipotaka kumwachia aende peke yake, alisimama kwenye machicha, akapepesuka, akasema, "Mayu, nimepotea," nami nikarudi mbio. Mayu ni mama. Ndivyo alivyoniita, mimi mtoto, na sikuweza kumwacha mtu anayeniita hivyo.

Mwaka ukageuka. Habari zikaja kwamba mwalimu ataandikisha Jumatatu. Siku mbili kabla yake tulikuwa shambani kupalilia pamba, familia nzima isipokuwa Bibi, na mama akanituma nyumbani kuchukua jembe dogo tulilolisahau. Jua lilikuwa utosini. Nilipopita pembeni ya ua wa balozi nilimwona mtu anakuja kutoka kisimani, mtungi kichwani, maji yakimeta juu ya ukingo wake bila kumwagika. Alikuwa anaimba kwa sauti ya puani. Alipofika mchanga unapokwisha aliifuata minyaa. Alipofika kwenye machicha alipinda, akaruka kwa hatua moja ndefu kamba ya mbuzi wa Mama Shija, kamba ambayo sikuwahi kumfundisha, kwa sababu mbuzi yule alikuwa amefungwa hapo tangu juzi tu.

Nilisimama. Naye akasimama, kwa kuwa alisikia pumzi yangu.

"Minza," akasema, "usimwambie baba yako."

Alishusha mtungi taratibu, akaushikilia kifuani kwa mikono miwili.

"Ukienda huko," akasema, "mimi nitakuwa wapi?"

Nilimwona mwizi, basi. Sikuona mwanamke mzee. Niliona mwizi aliyekamatwa na mali yangu mikononi. Nilikimbia mpaka shambani bila jembe, nikasema yote mbele ya baba na mama, na mbele ya vibarua wawili walioacha kupalilia ili wasikie vizuri.

Baba hakupenda aibu, lakini alikuwa ametoa ahadi. Jumapili, jua lilipopungua ukali, alimtoa Bibi nje akamweka mbele ya mlango. Watu walikuwa wengi: balozi, Mama Shija na wateja wake, wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kanisani, wote wamesimama kando ya barabara wakijifanya wana shughuli nyingine. Mmoja wa wanywaji alisema tuweke dau la ng'ombe, na mwenzake akamjibu kwamba yeye hana hata kuku. Baba alimpa Bibi fimbo yake ya kutembelea. Akasema kwa adabu kuu, "Mama, twende taratibu. Nenda kisimani, urudi. Sisi tupo."

Bibi alisimama kitambo akigeuza uso huku na huku kama anayenusa. Kisha aliinua ile fimbo, akaipitisha mabegani nyuma ya shingo, akaiangikia mikono yake yote miwili, kama wachungaji wafanyavyo wakiwa wamechoka, akaanza kutembea. Hakuelekea kisimani. Katikati ya uwanja palikuwa na kinu ambacho mama alikuwa amekiacha, Bibi akakizunguka. Aliendelea, hatua kumi na tano au kumi na sita, wala si za kubahatisha, mpaka kwenye zizi la ndama, lililofungwa kwa matawi makavu ya mgunga yenye miiba mirefu kama kidole cha mtoto. Akaingia ndani ya miiba ile kwa kifua, kwa uso, kwa mapaja. Hakupiga kelele. Alisimama humo, damu ikimtiririka kwenye paji la uso, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Minza, kisima kiko wapi?"

Wanawake walipiga mayowe. Mama alikimbia kumtoa. Baba alinichapa kwa kamba ya ndama hapohapo, mbele ya mwalimu, ambaye naye alikuwa amefika kutazama. Kila pigo lilikuwa na neno lake, uongo, uongo, unataka kumwua mama yangu. Balozi alisema mtoto wa siku hizi ana ulimi. Jumatatu nilisikia majina yakiitwa nikiwa nimesimama kisimani na mkono begani pangu. Watoto wote niliocheza nao waliitika.

Nilimwongoza Bibi miaka sita baada ya siku ile, mpaka alipokufa. Nilimfikisha kila alikotaka na sikumwambia neno lisilo la lazima. Jiwe. Shimo. Inama. Hayo ndiyo tuliyozungumza. Alijaribu hadithi, alijaribu vichekesho vya chawa, nilimnyima. Alipokufa nilikuwa na kimo cha mwanamke, nikaolewa, nikazaa, nikahamia huku Geita kumfuata mume aliyechimba dhahabu asiipate. Nilipotakiwa kutia sahihi nilitia dole gumba. Katika miaka yote hiyo niliamini kwamba siku ile Bibi aliwadanganya watu wote, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo limenichukua maisha kulitambua.

Macho yangu yalipoanza kufa, mwaka juzi, nilipata fimbo, na fimbo ndiyo iliyonisomesha. Mtu asiyejua mahali alipo hawezi kuiinua fimbo kutoka ardhini. Umtukane, umcheke, umwahidi ng'ombe. Ataiburuza, ataigongesha, atatangulia nayo hata kitandani kwake. Bibi aliiweka fimbo mabegani. Alizunguka kinu. Aliliendea zizi kama mtu anayekwenda kuketi kwenye kigoda chake. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona damu. Lakini waliosimama pale walikuwa watu wazima, wafugaji, watu ambao kwa mwendo wa ng'ombe mmoja jioni hutambua kwamba amekanyaga mwiba tangu asubuhi. Waliona fimbo. Waliona kinu. Baba yangu aliona, yeye aliyelelewa na nyayo zile. Balozi aliona. Mwalimu, aliyekuwa na kitabu cha majina kwapani, aliona. Mama alichomoa miiba hamsini kutoka katika mwili wa mwanamke yule na hakuniambia hata siku moja kwamba aliona. Msichana mwenye bega ni mali. Huchota maji, hupika, hushika mtoto, huongoza mzee. Kila mmoja pale alikuwa na sababu yake ya kuona damu na kutoona fimbo. Nimewatafuta katika moyo wangu mmoja mmoja ili niwasamehe, na wote wamekwisha kufa, na sijamsamehe hata mmoja.

Bibi peke yake ndiye ninayemwelewa. Walimnyang'anya zizi lililokuwa kiya na vihenge vilivyokuwa sukuma. Mji wetu wa zamani sasa ni mashimo. Hata mwenye macho hawezi kuuonyesha. Katika dunia nzima alibakiwa na mahali pamoja pasipogeuzwa na kamba ya mtu, napo palikuwa bega langu. Aliponiuliza atakuwa wapi, lilikuwa swali la kweli, nami nilikuwa na miaka tisa hivi na nilitaka kujifunza kusoma. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuwa na haki ya kunijibia.

Nimeyasema haya yote kwa sababu wiki iliyopita mwanangu, baba yake Rahel, alipiga simu, sauti ikafunguliwa tusikie wote, akasema binti aahirishe masomo mwaka mmoja akae nami, kwa kuwa bibi hawezi kubaki hivihivi. Alisema kwa upole. Ndugu na majirani waliokuwepo sebuleni waliitikia kwa kichwa. Sikuwaona, lakini nilisikia kimya chao, nacho ninakifahamu. Rahel alisema, "Haya, baba, nimekubali," kwa sauti ya mtu anayeshika sikio lake mpaka linauma. Nilimwambia anipe simu. Nilimwambia mwanangu kwamba macho yaliyokufa ni yangu, si ya mtoto huyu, na kwamba akilirudia neno lile asije kunizika.

Rahel anapanda basi keshokutwa alfajiri. Amekwisha kunifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine hadi bombani, nami nimezipita mara tatu. Mara ya tatu nilijikwaa nikaanguka, akaja mbio, akaniinua, akaniuliza kama nimeumia, mkono wangu ukajipeleka wenyewe begani pake. Lilikuwa la moto na lilikuwa la kimo sawasawa. Nikauondoa.